Mwanga wa Mzee Mchoraji

Mzee alikufa ameelekea ukuta. Ukuta wa rangi ya uji, hauna hata msumari. Mtu aliyefukuzana na jua maisha yake yote, wakamwacha afe bila kuliona. Mimi shule niliachia darasa la nne, kule Kivu, lakini ubaya huo sikuhitaji kufundishwa.

Alikuwa Mmarekani, mtoto wa wakulima wa mahindi. Ujanani alikwenda Ufaransa kujifunza kuchora mashamba na mito, kisha akamfuata mke hadi Sydney, akabaki. Alichorea nje, kwa madoa ya haraka haraka kabla mwanga haujageuka. Zamani hoteli za mjini zilinunua picha zake. Baadaye wenye maduka ya picha wakamwambia hayo ni mambo ya mababu. Hakuacha.

Nilipomhudumia kwenye nyumba ya wazee, huku Quakers Hill, pembeni mwa Sydney, kiti chake kilikaa dirishani, na nje mkalitusi mmoja. Kila asubuhi, jua likifika palepale, aliweka madoa machache ya rangi kwenye picha ya mti huo, basi, hadi kesho.

"Mama, kivuli kile kina rangi gani?"

"Nyeusi, Mzee."

"Macho yako bado yamelala! Tazama tena."

Nikatazama. Zambarau, kweli. Akacheka mpaka akakohoa.

Halafu korona ikanilaza. Niliporudi, pumzi bado fupi, nikakuta wamemhamishia chumba cha nyuma. Kile cha dirisha meneja amekigeuza ofisi. Mikutano yote sasa ilikuwa ya kompyuta, na mwanga wa pale, alisema, ulimpendeza usoni.

Nikamwomba amwachie dirisha asubuhi tu, mzee amalizie mti wake.

"Sheria za korona," akanijibu, barakoa iko kidevuni.

Nesi wetu, Mkenya, akanivuta kando: "Mama, achana na huyo, atakukatia shifti." Nikampigia mwana wa mzee kule Marekani. Eti meneja ndiye anayejua. Mtoto gani huyo!

Kila nikimwosha, mzee aliniuliza, "Jua limefika kwenye shina?" Mwishowe akaacha kuuliza. Na kula akaacha. Korona walimpima, hakuwa nayo.

Picha mwanawe alisema itupwe. Ninayo mimi, nusu mti, nusu kitambaa kitupu. Sasa wewe meneja, na wewe mwana wa mzee, mlimnyima mwanga wake kwa sheria gani? Msiniandikie barua. Njooni mnijibu mbele ya picha hii.