Chafya ya Mama Pilipili

Mama Pilipili alisaga pilipili kwa mashine ya umeme tangu wanawe wakiwa wadogo, na hakuna mteja aliyewahi kumsikia akipiga chafya. Ikimjia, alibana pua kwa vidole viwili, akafumba mdomo, mabega yakaruka, basi. Chafya ikarudi ilikotoka. Alijivunia hilo kuliko watoto wake, na ukiwajua watoto wake hutashangaa.

Kisha akaanza kugonga miimo ya milango. Mtu akimpita ubavuni, hamwoni. Wifi yake ndiye aliyetangaza mtaani.

"Siku hizi ana maringo! Nampungia mkono, ananipita kama nguzo ya umeme."

Siku alipoipiga teke ndoo nzima ya pilipili, mumewe akampeleka hospitali. Wifi akafuata bila kualikwa.

Daktari wa upasuaji akashika fuvu la plastiki, akalifunua kama sufuria.

"Mama, hii ndiyo sakafu ya fuvu, ubongo umeikalia. Hapa katikati, nyuma ya pua, pana kiti kidogo cha mfupa, mfano wa tandiko la punda. Ndani yake imekaa tezi ndogo kama punje ya kunde, inaitwa pituitari. Ndiyo inayoziamuru tezi nyingine."

"Kadogo hivyo, na kanaamuru wenzake? Nina wifi wa namna hiyo."

Wifi akatazama ukuta.

"Yako imeota uvimbe," daktari akaendelea. "Si saratani, ila umepanda juu, unakandamiza mishipa ya macho pale inapopishana. Ndiyo maana huoni pembeni. Tukiuacha utapofuka."

"Mtapitia wapi?"

"Puani."

Wakapitia puani. Wakatoboa ile sakafu, wakautoa uvimbe, tundu wakaliziba kwa mafuta waliyoyakata pajani. Mapaja anayo, hakulalamika. Alipozinduka vizuri alimwona wifi yake ubavuni bila kugeuza shingo. Akasema heri ya zamani.

Daktari akaacha masharti: asiiname, asipenge kamasi, asinyanyue mzigo.

"Na chafya ikija, usiibane. Fungua mdomo, iachie. Ukiibana, kiraka kitafumuka, maji ya ubongo, yenye chumvi, yavuje puani, turudi kupasua."

"Hata mbele za watu?"

"Popote."

Hilo ndilo lililomnyima raha. Kupasuliwa alikubali upesi zaidi.

Nyumbani mashine ikafungwa, wifi akahamia kumlinda na vumbi, kutwa amekaa mbele yake. Alifukuza paka, alipangusa sakafu kwa kitambaa chenye maji, alimkemea kaka yake kwa kukung'uta shuka. Halafu siku moja yeye mwenyewe akatokea na gauni jipya jeupe, ana mwaliko, amejimwagia manukato nusu chupa.

Pua ya Mama Pilipili ikawasha. Vidole viwili vikapanda vyenyewe, kwa mazoea. Wifi akaidaka mikono.

"Achia!"

"Utachafuka!"

"Achia, wewe mwanamke! Nitafua!"

Akaachia. Chafya ya miaka yote ile. Vioo vya dirisha vililia.

Wifi hakujifuta. Alimwekea leso chini ya pua, wakangoja, kila mmoja akiitazama. Maji yakidondoka, ni hospitali tena.

"Kooni unasikia chumvi?"

"Hapana."

Leso ilibaki kavu. Vilivyotoka vyote vilikuwa juu ya gauni.

"Wifi, gauni lako."

"Naliona."

"Hata mimi naliona. Na mikono yake yote miwili, bila kugeuza shingo."

Wifi akaenda kubadilisha. Aliporudi hakuwa na manukato, na hakukaa tena mbele. Alikaa ubavuni.