Mmoja kwa Kila Nyumba

Mama Sponji, fundi wa makochi, alikuwa na mdomo huyo! Mteja akileta kochi lililochakaa, humwuliza, "Hili mlikuwa mnalikalia au mnalipiga?" Na ole wake aliyethubutu kumwita binti yake Sindano mtoto wa dada, alifukuzwa kwa nyundo. "Huyu ni mwanangu! Kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana." Dada yake mkubwa alifariki Sindano akiwa hajaota meno, naye akamnyonyesha pamoja na kijana wake, huyu ziwa hili, yule lile.

Basi watoto hao wakafaulu pamoja, wakapata nafasi chuo kimoja cha udaktari wa mifugo, ng'ambo ya mpaka, maana upande huu masomo hayo hayapo. Wilaya iliwalipia ada wanaovuka, lakini mmoja tu kwa kila nyumba.

Ofisini karani akauliza, "Nyumbani kwako ni wangapi wanaokwenda chuo?" Sindano, aliyemshinda kijana kwa alama, alikuwa amesimama palepale, ameshika vyeti vya wote wawili.

"Mmoja," alisema Mama Sponji. "Huyu wa kiume."

"Na binti?"

"Wa marehemu dada yangu. Nimemhifadhi tu."

"Basi akaombe kwao."

Kwao wapi, jamani? Baba mwenyewe hata jina lake halijulikani! Mama Sponji aliyajua hayo, lakini akatia sahihi. Njia nzima alijifariji kwamba uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Methali nazo ni kama makochi, kila mtu hukalia lile linalompendeza.

Ada ikalipwa, kijana akavuka. Sindano ndiye aliyempigia pasi mashati, akamtania asije akakimbia ng'ombe. Hakununa, hakulia. Afadhali angelia! Mama Sponji alimngoja agombe, naye apate kujitetea, wapi! Alijiona mwizi ndani ya nyumba yake mwenyewe.

Asubuhi iliyofuata binti aliingia karakana, akasema kwa adabu zote, "Shikamoo, mama mdogo."

Tangu aanze kusema hakuwahi kumwita hivyo. Mama Sponji aliitika marahaba, misumari ikamponyoka. Alitaka kumwambia niite Mama kama zamani, lakini kwa mdomo gani?

"Sindano..."

"Abee, mama mdogo?"

"Hebu nipe mkasi."

Mchana akaja mteja mgeni kuulizia kochi lake. Alimtazama binti alivyokuwa akivuta kitambaa kikakaa bila mkunjo, akacheka. "Mikono ileile ya fundi! Huyu ni wako, Mama?"

"Mwanangu," Mama Sponji alijibu upesi. "Mwanangu kabisa."

"Hapana," alisema Sindano kwa upole, bila kuinua macho. "Mimi nimehifadhiwa tu."