Bi Rukia Alifundisha Kihispania Huku Amempakata Mwanangu

Uvumilivu wangu uliisha pale Meneja wa chuo chetu alipomwambia Bi Rukia, mbele ya darasa zima, "Hapa si kliniki. Mrudishie mwenyewe mtoto wake, au toka naye." Mtoto ni wangu, Nasra, bado ananyonya. Bi Rukia akatoka naye. Kesho yake akaambiwa asirudi.

Basi nyinyi mnaoanza kazi ya kutembeza wageni Mji Mkongwe, mjueni mwalimu aliyefukuzwa.

Siku yangu ya kwanza kazini nilikuwa sokoni Darajani, kwenye meza za viungo, na kundi la Wahispania, nawapigia kelele kwa lugha yao: "Njooni! Onjeni!" Wakanipita. Bi Rukia, aliyekaa mapokezi ya hoteli Matemwe miaka mingi kabla ya kuja kutufundisha, alikuwa amenisindikiza; akanivuta pembeni.

"Mwanangu, mgeni nyumbani kwenu humwita hivyo? Kwetu mtu hata chai haamrishwi."

Akanipa Kihispania cha adabu, kinachofanya kazi ya "-nge-" yetu. Kitenzi cha kawaida hukikati popote. Unakichukua kizima, unakitia mkia. Hablar, kuzungumza: hablaría, ningezungumza. Comer, kula: comería. Vivir, kuishi: viviría. Mikia ni ileile kwa vyote: mimi na yeye -ía, wewe -ías, sisi -íamos, wao -ían. Nikarudi kwenye viungo na "¿Les gustaría probar?", yaani ingewapendeza kuonja? Wakasimama, wakaonja, wakacheka na mimi.

Nilipojifungua nikamwambia naacha masomo.

"Unaacha nini? Mlete, nitampakata mimi."

Akawa anaimba mikia ile kwa sauti ya kubembelezea, mimi naandika, mikono yangu huru. "Nasra kishasinzia kwenye comeríamos," alitutania. "Nyinyi wakubwa mwasinzia wapi?" Sijaona mwalimu kama yule.

Nilipomfuata kwake baada ya kufukuzwa, aliniambia, "Wacha, mwanangu. Nshazeeka, napumzika."

"Hupumziki, Bi Rukia. Umefukuzwa, tena kwa ajili yangu."

Akamchukua Nasra.

Leo asubuhi nimepeleka malalamiko kwa Afisa Kazi. Karani alimwona mtoto, akaniuliza, "Unaomba ruhusa ya kunyonyesha?"

"Hapana. Soma."

Nimeandika hivi: "Mwalimu Rukia arejeshwe darasani. Meneja amwombe radhi palepale alipomfukuza, wanafunzi wote wakiwepo. Na mimi nitakuwepo, na mwanangu."

Malalamiko yamegongwa muhuri wa kupokewa.