Mwaka wa Ubani Usionukia

Nilipokuwa mtoto, niliamini kwamba maradhi huingia nyumbani wakati wa magharibi, kwa kupitia mlangoni kama mtu yeyote, na kwamba kitu yasichokipenda ni ubani. Sikuyasoma popote mambo hayo. Bibi yangu ndiye aliyeniambia. Bibi alikuwa mtu wa Wete, Pemba, aliyehamia Edmonton, kaskazini ya London, akiwa tayari mtu mzima, na hakuona kwa nini mambo yanayojulikana yabadilike eti kwa sababu yeye amepanda ndege.

Tulikuwa watatu katika fleti yetu ya ghorofa ya pili: Bibi, mama yangu, ambaye ni bintiye, na mimi. Mama alifanya kazi katika nyumba ya wazee, kuwaogesha, kuwalisha na kuwageuza vitandani. Mimi nililetwa kutoka Pemba nikiwa na miaka minane, Kiswahili changu kikiwa kimekwisha kukomaa. Wenzangu waliozaliwa huku hukielewa vizuri, ila ukiwasemesha wanakujibu kwa Kiingereza, jambo ambalo Bibi alilihesabu kuwa ni ukosefu wa adabu na hakuna aliyeweza kumshawishi vyengine.

Kila magharibi, akishasali, Bibi aliwasha kipande cha makaa ya shisha juu ya jiko la gesi, akakitia ndani ya chetezo cha udongo alichokuja nacho kutoka kwao kimeviringishwa kanga katikati ya sanduku. Juu ya makaa aliweka punje za ubani, kisha akazunguka nyumba. Alianza mlangoni, akaenda jikoni, chumbani kwa Mama, mpaka chumba nilicholala mimi na yeye. Darini palikuwa na king'ora cha moshi, nacho alikwisha kukivisha kofia ya plastiki ya kuogea. Mama aliivua kofia ile kila asubuhi, Bibi akaivisha tena kila jioni, na hakuna aliyelizungumza suala hilo.

Akifika kwa mtu alisimama, akakipunga chetezo mbele ya uso wake na kumuuliza, "Imekufika?" Alikuwa akiuliza habari ya harufu. Ilikupasa ujibu kwa mdomo, "Imenifika, Bibi." Kutikisa kichwa hakukumtosha. Alikuwa na imani yake kwamba mtu ambaye harufu ya ubani haimfiki, basi ana mgeni mwilini. Mgeni gani, hakufafanua.

"Ana mgeni, basi," alisema. "Ukimwona mtu hivyo usingoje kukuche."

Niliogopa sana kuwa na mgeni. Hata nikiwa na mafua, pua imeziba kabisa, nilisema imenifika.

Kisha ukaja mwaka wa korona. Skuli zikafungwa, mabasi yakawa yanapita barabara kuu bila abiria, na sauti za magari ya wagonjwa zikawa kitu cha kawaida mchana kutwa. Mama hakukaa nyumbani. Wazee hawaogeshwi kwa simu, alisema. Alirudi jioni, akavua nguo za kazi hapo hapo mlangoni na kuzitia katika mfuko wa plastiki, akaenda moja kwa moja bafuni, kisha akala peke yake jikoni, mlango umefungwa. Nilimkosa mama yangu na huku namwona kila siku. Televisheni ilituhimiza tujihadhari na kikohozi na homa. Bibi yeye aliongeza ubani.

"Mama, ubani hauui kirusi," Mama alimwambia siku moja kutoka jikoni.

"Na mimi nimesema unaua? Nimesema maradhi hayaupendi."

Jioni moja Bibi akaanza kulalamika kwamba ubani umeharibika. Alimlaumu muuza duka wa barabarani kwetu, mtu ambaye siku zote alimsifu. "Kaniuzia mchanga yule," alisema. Kesho yake hakuweka punje, aliweka konzi nzima. Moshi ukajaa mpaka nikawa siuoni mlango. Macho yalinitoka machozi, koo likaniwasha, na Bibi amesimama katikati yake, pua ameiinamisha juu ya chetezo, anavuta pumzi kwa nguvu.

"Hamna kitu," alisema. "Huu si ubani." Halafu akanigeukia. "Zuwena, imekufika?"

"Imenifika, Bibi."

"Muongo wewe. Itakufikaje, na mimi hapa juu yake sipati kitu?"

Sheria ilikuwa ni yake mwenyewe, na sasa ilikuwa imemwangukia yeye, na hakuwa amegundua. Nilikwenda jikoni nikachukua kopo la karafuu alizoletewa na dadake. Bibi amekulia katika karafuu. Alikuwa akinusa konzi moja tu na kukwambia kama zilikauka vizuri juu ya mkeka au zilipata mvua. Nilizisaga chache kwa kiganja, nikampelekea.

"Bibi, na hizi je?"

Alinusa. Akanishika mkono akausogeza karibu zaidi, akanusa tena. Kisha akakaa kitandani taratibu, na chetezo akakiweka chini.

"Sipati," alisema. "Sipati kitu, mjukuu wangu."

"Basi una mgeni, Bibi."

Nilitegemea kukaripiwa. Badala yake alicheka kidogo. "Ee. Leo nna mgeni mie."

Hakuwa na kikohozi. Hakuwa na homa. Alikuwa amechoka tu, na alipozungumza alipumzika katikati ya maneno, jambo ambalo mimi nilidhani ni uzee. Aliniita karibu akaniambia nisimwambie Mama. Mama yako kachoka, alisema, na akijua atawaita watu wanipeleke huko wanakopelekwa watu wasirudi. Tulikuwa tumesikia habari za namna hiyo kwa wiki nzima, za jamaa wa huku na wa kule, watu wazima waliotoka kwao wakizungumza na kuzikwa pasipo ndugu kuwaosha. Nilimpenda Bibi kuliko mtu yeyote duniani. Nilitaka abaki kitandani kwake, karibu na changu, ambapo ningemsikia akipumua.

"Wewe mwenyewe umesema usingoje kukuche," nikamwambia.

Alijilaza, akanigeuzia mgongo. Nami nikalichukua hilo kuwa ni ruhusa.

Nilimsubiri Mama nje ya mlango wa bafu. Nilipomweleza, alifumba macho kwa uchovu. Anakohoa? Hapana. Ana moto? Hapana. Alipiga nambari ya msaada, nao wakamuuliza hayo hayo, kwa sababu wakati ule ndiyo yaliyojulikana. Habari ya watu kupoteza harufu ilikuwa bado haijatufikia sote. Wakasema Bibi abaki nyumbani, anywe maji, na sisi tumwangalie. Mama akaweka simu chini, na mimi nikarudia kwa sauti ndogo, "Mama, ubani haumfiki." Na yeye alilelewa na chetezo kile kile. Alikwenda kwenye mfuko wake wa kazi akatoa kidude cha kubana kidoleni, kile wanachopimia hewa iliyomo kwenye damu.

Alimbana Bibi kidole. Akatazama. Akamsugua mkono upate moto, akabana kidole chengine, akatazama tena. Bibi wakati huo alikuwa anamweleza kwamba kuna wali umebaki sufuriani. Mama akasema, "Vizuri, Mama, nimeuona," akatoka kwenda ukumbini na kuita gari la wagonjwa kwa sauti ya mtu anayeagiza kitu dukani.

Walikuja wawili, wamevaa mavazi ya plastiki mpaka usoni. Walikuwa wapole. Walisema hakuna anayeruhusiwa kufuatana naye. Mlangoni, akiwa tayari amevishwa kinyago cha hewa, Bibi alikisogeza pembeni ili anipe amri yake.

"Leo zungusha wewe."

Walipoondoka, Mama alikaa chini pale pale mlangoni, karibu na mfuko wa nguo zake za kazi. "Ni mimi niliyemletea," alisema. Nilikwenda nikawasha makaa mapya, nikaungua kidole, nikaweka punje za ubani kama nilivyokuwa nikiona, nikaanza mlangoni. Nikasimama mbele ya mama yangu.

"Imekufika?"

Akalia kama mtoto, na katikati ya kilio chake akasema, "Imenifika." Usiku ule alinilaza kitandani kwake, na mlango wa jikoni haukufungwa tena baina yetu.

Bibi alirudi. Alirudi mwembamba, na kwa muda mrefu alitembea kwa kushika ukuta, lakini alirudi. Daktari alimwambia Mama kwa simu kwamba kama angengojewa mpaka asubuhi, asingeahidi kitu. Harufu ndiyo haikurudi mpaka leo. Anapika kwa kumbukumbu, chumvi yake imezidi, na tunakula.

Leo mimi ni mtu mzima, nasoma chuo na nimepanga chumba Lewisham, kusini ya mto unaoigawa London. Siamini tena kwamba maradhi yanangoja magharibi. Yale yaliingia kwetu mchana, pengine juu ya nguo za Mama, na ubani haukuzuia chochote. Atakayeniambia moshi ni dawa nitabishana naye. Lakini mzee aliyeishi ghorofa ya chini yetu alikufa mwaka ule, na tulijua pale tu mlango wake ulipovunjwa. Alikuwa na simu, alikuwa na televisheni, alikuwa na chupa za dawa ya mikono zimepangwa dirishani. Bibi aliposimuliwa alisema, "Hakuwa na wa kumuuliza." Hilo ndilo nililolipata katika mwaka ule, na sijapata kubwa kulizidi. Bibi alikuwa anatuhesabu. Kila jioni alikuja mpaka alipo mtu, akamtazama uso, akamuuliza, na hakuondoka bila ya jibu.

Mpaka sasa, magharibi simu yangu huita. Kwenye kioo huona moshi kwanza, halafu ukingo wa chetezo, halafu uso wa Bibi amekunja macho. Yeye hapati harufu kwa sababu pua yake ilikwisha kufa, na mimi siipati kwa sababu niko ng'ambo ya pili ya mto. Anakisogeza chetezo kwenye simu.

"Imekufika?"

Nikijibu haraka haraka, nina haraka zangu, anauliza tena. Huwa naweka chini ninachofanya, namtazama, namwambia, "Imenifika, Bibi." Hapo ndipo ananiruhusu kukata simu.