Bisibisi na Dirisha la Jikoni

Gari letu la mashindano limenizidi umri. Baba alilitoa kwenye banda la kuku likiwa bodi tupu, tukalifufua kwa miaka minne: yeye injini, mama viti kwa cherehani yake, mimi rangi na usukani. Hata sasa jua likiwaka linanukia vifaranga kwa mbali, nami nikikaa ndani husahau ni mwaka gani.

Mara moja kwa mwaka familia zenye magari ya kale hukutana kwenye uwanja wa ndege usiotumika tena. Magari hushindana mawili mawili, mita mia nne, moja kwa moja. Anayeshinda hutamba mpaka mwaka mwingine, na kwetu mtambaji ni baba mdogo, mwenye gari lake mwenyewe, ambaye mdomo wake hauna breki.

Baba amekuwa fundi maisha yake yote. Mtaani wanamwita Sikio, kwa sababu kabureta huirekebisha kwa bisibisi na kusikiliza tu. Sheria ya nyumba ni moja: baba akisikiliza injini, hakuna kusema neno.

Mwaka jana gari lilikohoa katikati ya njia, tukashindwa vibaya. Baba alisema likikohoa tena ataweka bisibisi chini na gari liuzwe. Mwenzenu nilijifungia chooni nikalia. Baba bila bisibisi angekaa kwenye kiti akanyauka, namjua.

Juzi ilikuwa siku ya kurekebisha. Moshi wa bluu ulikuwa umejaa kwenye mwanga wa asubuhi, injini inanguruma, kila kitu kinakwenda polepole. Ndipo nikaona macho ya baba hayako kwenye injini. Yako kwenye dirisha la jikoni, kwa mama. Mama akikunja uso, baba anazungusha skrubu. Mama akiukunjua, anaacha. Nikavunja sheria, nikamwita. Nikamwita tena kwa nguvu, nikiwa nyuma yake kabisa. Hakugeuka. Siku zote tukimwita asiitike, tulidhani ni ubaba tu.

Nikakumbuka kwamba mwaka jana, siku kama hiyo, mama aliumwa jino, uso umekunjamana tangu alfajiri. Maskini baba, alizungusha na kuzungusha mpaka akaharibu.

Nilikwenda jikoni kumwambia mama. Hakuacha kumenya viazi.

"Najua, mwanangu. Huu mwaka wa tatu. Mwaka jana nilisahau kwamba uso wangu una kazi."

Kisha akanawa mikono, akatoka na kigoda chake, akaketi mbele ya gari na kufumba macho. Uso wake ukanyooka taratibu kama shuka chini ya pasi. Baba akachomoa bisibisi kwenye skrubu.

"Hapo," akasema, kwa madaha ya bwana mkubwa. Sisi tukanyamaza, maana sheria ni sheria.

Jumapili nilimpita baba mdogo kwa urefu wa boneti. Nilikuwa kama naelea, sikuhisi hata barabara. Niliporudi, baba mdogo alikuwa ameshamshika baba mkono, ameinamisha kichwa kwa aibu, anaongea na viatu vyake.

"Kaka, nimekubali. Sikio lako halizeeki."

Baba akamtazama mama. Mama akatabasamu. Basi naye akatabasamu.

"Asante, mdogo wangu," akasema.