Willis Alivyoifunga Meza ya Kuhariri

Willis ni mtoto wa marehemu dada yangu, kwa hiyo ni mtoto wangu, na ananiita Mama. Nilimlea hapa Rangwe tangu akiwa darasa la nne. Mimi niliishia la saba, lakini nilikuwa namba mbili shule nzima, na yule wa kwanza alikuwa anarudia darasa.

Alianza kazi ya video Homa Bay, enzi za kanda, akikata na kuunga picha za harusi na mazishi kwa mashine mbili. Wenzake walimpigia simu kila saa: sauti imetangulia midomo, picha imekuwa kijani, bwana harusi amefutika. Mwaka wa 2007 alichoka kujibu jambo moja mara kumi, akafungua tovuti pale Rodi Kopany, akaiita Meza ya Kuhariri. Fundi anajiandikisha, anauliza, anajibiwa kwa Kiswahili, na jibu linabaki pale kwa mafundi wote. Wateja hawakuweza kuingia. Mafundi waliandika kutoka kila upande, mpaka wa Musoma.

Jibu moja ni langu. Gisiri, fundi Mkuria wa Kehancha, alirekodi mazishi ya mzee mmoja Mjaluo huko Migori, aliyeacha wake watatu. Katika kuhariri alimtanguliza mke wa pili kwenye jeneza, kwa sababu picha zake zilikuwa na mwanga mzuri. Siku ya kuionyesha, wana wa mikayi, yule mke wa kwanza, walisimama wakaondoka na viti vyao. Gisiri akauliza kwenye Meza amekosea wapi. Willis akaja kwangu. Nikamwambia: mikayi kwanza, hata picha yake ikiwa giza tupu, kisha wengine kwa jinsi walivyoolewa, watoto nao kwa nyumba za mama zao. Gisiri akaikata upya, ikapokelewa. Jibu hilo lilisomwa kuliko yote.

Mwaka huu Willis akasema anafunga. Macho yamechoka, na vijana wanajifunza kwa vipande vya dakika moja kwenye simu. Mwaka mzima uliopita alipata maswali kumi na moja, matatu ya watu waliotaka kununua meza. Akatangaza kwamba Ijumaa ya mwisho ya Mei anazima.

Wiki mbili kabla, Gisiri akafika na diski mfukoni. Alitaka kuyaweka maswali na majibu yote mahali pa wazi, kila mtu asome.

"Mwalimu, miaka kumi na minane itapotea hivi hivi?" akamwuliza Willis.

"Majibu yangu chukua. Maswali siwezi kukupa."

"Jibu bila swali nifanyie nini? Umeandika hapa, 'Mwambie baba ya bibi harusi ukweli.' Ukweli gani sasa?"

Nilicheka. Willis hakucheka.

"Fundi aliyeuliza alirekodi juu ya kanda ya harusi, akamdanganya mteja kamera ilinyeshewa. Alituambia sisi mafundi. Hakumwambia huyo mteja."

"Si ni zamani?"

"Baba ya bibi harusi bado anaishi. Tunasali naye."

Gisiri akanigeukia. "Mama, ongea na mtoto wako."

"Wewe ulipouliza habari ya mikayi," nikamwambia, "ungependa wale wana wa Migori wasome?"

Akaomba chai.

Basi Willis akamwandikia kila fundi aliyewahi kuuliza: swali lako liende kwa Gisiri, au lifutwe? Asiyejibu, lake linafutwa. Gisiri alilalamika kwamba Monari wa Kisii, aliyewafundisha wote kusawazisha rangi, ni marehemu na hawezi kujibu. Willis akampigia mjane wake, Nyanchoka. Mjane akasema, "Wekeni. Huyo alipenda kusikika."

Mimi pia niliulizwa kama wengine. Ndipo nikagundua jibu langu lilikuwa limeandikwa "mama mmoja wa Rangwe", miaka yote hiyo. Nikasema liende, lakini kwanza aandike jina langu, Truphena, na aandike mbele yangu. Akaandika.

Katika maswali zaidi ya mia sita, wenyewe walikubali mia mbili na manne. Gisiri aliyabeba hayo, akaondoka bila kuridhika. Ijumaa Willis aliyafuta yaliyobaki, moja moja, akisoma kila swali kwanza, na kazi hiyo ikamchukua kutwa nzima.