“Nilikosea saa, sikukosea sindano”

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, toroli la kwanza linaingia chumba cha kufulia likisukumwa kwa tumbo. Ni shuka za wodi ya upasuaji, zimefungwa mafundo, nzito kwa maji na kwa visivyo maji. Mwanamke mfupi mwenye aproni ya mpira anafungua fundo la juu, anashika shuka kwa ncha mbili na kuikung’uta mara moja, polepole, huku ametega sikio.

“Mashine huisikilizi,” anasema bila kuinua macho. “Unasikiliza sakafu. Kikianguka chuma, sakafu itakwambia.”

Shuka ya kwanza, kimya. Ya pili, kimya. Ya saba inaangusha kitu: mkasi mdogo wa kukatia nyuzi, bado una damu. Anauokota kwa glavu nene ya kijani inayofika kwenye kiwiko, anautumbukiza katika kopo la maziwa ya unga lililotobolewa kifuniko, kisha anataja wodi na tarehe ili mwenzake aandike ubaoni.

Hizo glavu ndizo habari yenyewe. Zimeingia chumba hiki miezi minne tu iliyopita, na aliyezileta karibu zimpeleke nyumbani.

Wewe msomaji, ulipolazwa hospitali mara ya mwisho, ulitandikiwa shuka safi. Je, uliuliza imepita mikononi mwa nani? Hukuuliza. Hakuna anayeuliza, na hospitali inapenda iwe hivyo.

Mwanamke huyu ana miaka arobaini na sita, na nusu ya miaka hiyo ameimaliza hapa. Kazini anaitwa Bi Foronya, na kwenye mtandao hivyo hivyo. Jina alipewa wiki yake ya kwanza, alipokuwa hajui Kiswahili zaidi ya neno moja alilofundishwa mlangoni.

“Wakiniuliza hujambo, nasema foronya. Umekula? Foronya. Unakaa wapi? Foronya,” anasema, na wenzake wanaangua kicheko kana kwamba hawajakisikia kisa hicho mara mia.

Lugha yake ya kuzaliwa ni nyingine kabisa. Kiswahili alikiokota kwenye mihuri ya mashuka, kwenye maneno ya wauguzi, na zaidi kwenye kufokewa. Neno la kwanza kulisoma mwenyewe lilikuwa “Upasuaji”.

Miaka sita iliyopita, binti yake alimfungulia blogu kwenye simu ya zamani. “Mama alikuwa akirudi jioni ananisimulia kazini kwao mpaka nalala,” anasema binti huyo, ambaye sasa anasomea ualimu. “Nikamwambia, mama, mimi peke yangu sitoshi.”

Mwanzoni alikuwa na wasomaji kumi na mmoja, wengi wao marafiki wa binti. Leo wanaomsoma kwa wiki wanapita elfu mbili: madobi, wafagizi, wauguzi, na watu waliowahi kulazwa. Anaandika juu ya harufu ya klorini isiyotoka kwenye nywele, juu ya boila inayokohoa, juu ya shuka ya mtoto aliyezaliwa jana na ya mzee aliyekufa jana zikizunguka katika mashine moja.

Kwa nini haandiki kwa lugha ya mama yake?

“Ile naota kwayo na kuomba kwayo,” anajibu. “Lakini walionituma kazi walinituma kwa Kiswahili. Walionitukana walinitukana kwa Kiswahili. Nikiwajibu kwa lugha yangu, si nitakuwa nasema peke yangu?”

Mwaka jana binti alimwekea programu mpya ya blogu. Hii haimhitaji mtu kuandika hata herufi moja. Unasema, inaandika. Unaitajia siku na saa, inachapisha yenyewe. Na kuna kitufe cha “kulainisha”, ambacho kinachukua maneno yako na kukurudishia mengine, yaliyonyooka.

Kitufe hicho alikijaribu mara moja. “Ilinipiga pasi mpaka nikawa sina mkunjo hata mmoja,” anasema. “Mimi si shuka.”

Kabla ya kufika kwenye siku yenyewe, lazima ikumbukwe kwamba ombi la glavu nene si la mwaka huu. La kwanza liliandikwa kwa mkono miaka tisa iliyopita, likapigwa muhuri wa kupokelewa, likapotea. La pili lilijibiwa kwamba bajeti imeshafungwa. La tatu lilijibiwa kwamba bajeti haijafunguliwa. Aliyejibu hilo la tatu amepandishwa cheo mara mbili tangu siku hiyo. Wapo wanaotegemea sisi tusahau.

Mwezi wa pili mwaka huu, mwenzake anayeendesha pasi kubwa ya mvuke, ambaye wote humwita Dada Mvuke, alichomwa na sindano iliyosahaulika ndani ya shuka. Alimeza dawa mwezi mzima, akawa anapimwa damu na kusubiri, anapimwa na kusubiri. Alikuwa wa nne kuchomwa ndani ya mwaka mmoja.

Bi Foronya alikuwa ameshaanza kuhifadhi. Kila kilichoanguka sakafuni kilikwenda kwenye kopo, na tarehe yake ikaandikwa. Miezi sita, sindano kumi na tisa.

Msimamizi wa hospitali akakubali kukutana nao Alhamisi, saa tatu asubuhi. Madobi wote kumi na sita wakapatana: waende kwa upole. Bi Foronya angetayarisha andiko la zile sindano, lakini lisitoke mpaka msimamizi akatae. Na kwa kuwa simu hufungiwa kabatini saa za kazi, akaiambia programu Jumatano jioni: chapisha kesho saa nne asubuhi. Wakipewa glavu, angeomba ruhusa akafungue kabati, alifute andiko kabla ya wakati.

Programu ilimsikia vizuri kabisa. Ikamwonyesha: Alhamisi, 4:00. Akaona nne yake, akabonyeza ndiyo, akalala.

Sasa hapo ndipo penye kuudhi. Waliotengeneza chombo hicho walikifundisha maneno ya Kiswahili, hawakukifundisha siku yetu inaanzia wapi. Walitaka sauti zetu. Asubuhi yetu hawakuwa na haja nayo. Andiko likatoka saa kumi alfajiri, saa tano nzima kabla ya kikao.

Alipofika kazini, hospitali nzima ilikuwa imelisoma. Dada Mvuke alimsubiri mlangoni, mikono kiunoni.

“Shoga, tulikubaliana saa ngapi?”

“Saa nne.”

“Saa nne ya nani, ya majogoo? Umetumaliza! Mimi niliyechomwa nimenyamaza, wewe usiyechomwa umepiga tarumbeta!”

“Sikumlaumu,” anasema Bi Foronya. “Alikuwa na haki yake.”

Ofisini, msimamizi alikuwa ameshachapa kurasa zote na kuzipigia mistari myekundu. Dada Mvuke, aliyekuwa ameketi kando, anayakumbuka mazungumzo yale neno kwa neno.

“Mama, mimi sina ugomvi na wewe. Kiswahili si lugha yako, sivyo?”

“Si ya kuzaliwa.”

“Basi yamekwisha. Andika mistari miwili tu. Sema ulichanganya maneno kwa ajili ya lugha, ulikusudia kitu kingine. Lile lingine ulifute. Glavu tutakuja kuzizungumza.”

“Bwana mkubwa, sindano kwa Kiswahili chenu inaitwaje?”

“Sindano.”

“Ndivyo nilivyoandika.”

Akapewa mpaka Ijumaa saa sita mchana: aombe radhi kwa kutojua lugha, au asimamishwe kazi na huenda asirudi.

Zaidi ya theluthi moja ya mshahara wake huishia kwenye kodi ya vyumba viwili. Inayobaki ni ada ya binti na chakula, na haifiki tarehe ishirini. Hana shamba, hana duka, hana mjomba mwenye cheo. Jioni ile alikaa uani juu ya ndoo iliyopinduliwa, akaishika simu na kuanza kuomba radhi.

Safari hii alibonyeza kitufe cha kulainisha. Programu ikamwandikia mistari mizuri kuliko yote aliyowahi kuiona chini ya jina lake.

“Ulikuwa msamaha safi, hauna hata doa,” anasema. “Nikausoma mara mbili. Ndani hamna mtu.”

Akaufuta. Akavuta pumzi, akasema maneno yake mwenyewe, na hayo ndiyo yaliyosomwa Ijumaa asubuhi: “Nilikosea saa, sikukosea sindano. Wenzangu, kwa saa nawaomba radhi. Kwa sindano simwombi mtu radhi.” Chini yake akaweka orodha, namba moja hadi kumi na tisa, kila moja na wodi yake na tarehe yake.

Saa sita ilipofika, alisimamishwa wiki mbili bila malipo, akisubiri kuitwa.

Wakubwa walikuwa na hesabu yao: wauguzi wataona wamechongewa na dobi, watamrukia, na ofisi itakaa pembeni ikitazama. Mchezo huo ni wa zamani. Umechezwa kwa wapishi na wafagizi wa hospitali hiyohiyo. Lakini Jumapili, chini ya orodha, muuguzi mmoja aliandika: “Namba tisa ni yangu. Nilikuwa zamu ya pili mfululizo, macho hayaoni. Nisamehe, dada.”

Jumatatu mwingine akaandika: “Namba nne ni yangu.” Akaja wa namba kumi na mbili. Hadi mwisho wa wiki, sindano saba kati ya kumi na tisa zilikuwa na wenyewe, na wote saba walikuwa wanauliza swali moja: makopo ya kutupia sindano kando ya vitanda yako wapi, na kwa nini mtu mmoja anahudumia vitanda thelathini?

Siku ya kumi na mbili glavu zilifika. Jozi nane. Watu kumi na sita. Wanavaa kwa zamu, na jozi nyingine nane “zipo njiani”, neno ambalo chumba hiki kinalijua vizuri. Bi Foronya alirudishwa kazini, na kwenye faili lake imewekwa barua ya onyo la mwisho itakayokaa miezi kumi na miwili. Aliambiwa itaondolewa siku atakaposaini kwamba hakuelewa alichoandika.

“Ikae,” anasema. “Angalau faili langu sasa lina kitu cha kusoma.”

Tangu siku hiyo hakuna dobi aliyechomwa.

Mpango wake sasa ni kuacha kuandika peke yake. Anataka kila anayefanya kazi isiyoonekana pale hospitalini awe na ukurasa wake katika blogu: wafagizi, wa jikoni, mzee wa boila, na wale wauguzi wakipenda. Waseme kwa Kiswahili walichonacho. Watatu wameshakubali.

Wa kwanza ni Dada Mvuke. Majibu yake ya mwisho ya damu yametoka, ni salama. Jumamosi mchana ameketi uani kwa Bi Foronya, kajifunga kanga mpya kana kwamba anakwenda kupigwa picha, anaitazama simu kwa mashaka.

“Na nikikosea?”

“Utakosea. Sema.”

“Watu watacheka.”

“Wakicheka, si wamesoma?”

Dada Mvuke anakohoa kidogo, anainama. “Mimi ni mpiga pasi,” anaiambia simu. “Shuka mia tatu kwa siku. Mwezi wa pili sindano iliniingia hapa.” Anainyooshea simu kiganja.

“Haioni, shoga. Iambie ni wapi.”

“Mkono wa kulia,” anasema, sasa kwa sauti kubwa, “chini ya kidole gumba.”